Hadithi Tunayoisema Maji Yakipanda

Tantine,

Wamenibatiza leo. Nywele bado hazijakauka vizuri, nimekaa kitandani hapa kwetu Carama, mlango nimeufunga, Tonton mume wako anadhani nimelala. Kitenge kile cha kijani ulichosema utanishikia pale ukingoni, alikishika rafiki yako Mama Zawadi. Alinifunga nacho kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi, akasema, "Hii kazi iko na mwenyewe, mi namusaidia tu." Nikalia kidogo. Watu walifikiri ni maji ya mto.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tunasema mi na we. Shuleni ni Kirundi na Kifaransa, na kwa Kifaransa wamenifundisha kuandika barua yenye heshima zote, lakini mi siwezi kukuita "chère tante," shangazi mpendwa. Ungenicheka mpaka ukohoe.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Tonton anapika mwenyewe sasa. Maharage yake yana chumvi ya kutosha mtaa mzima, lakini tunakula, tunasema asante, tunakunywa maji mengi. Anakuita bado. Juzi alisema, "Dorika, kiberiti kiko wapi?" mi nikampa kiberiti, akageuka kuwasha jiko. Meza yako ya ndagala, wale dagaa wa ziwa, pale sokoni Kamenge iko na Mama Zawadi. Wateja wako wanamuuliza, "Yule mwenye kipimo kizuri yuko wapi?" Anawajibu, "Ametangulia. Lete mufuko." Essence ya magari bado ni shida, basi zinakuja zinapotaka, kwa hiyo kwenda kanisani tunapanda kilima kwa mguu, na kila mara tukifika ile kona ya mawe ulipokuwa unapumzika, tunapumzika wote, hata wasiochoka.

Lakini sikukaa kuandika kwa sababu ya chumvi.

Tulipomaliza kilio chako, Pasteri alikuja katika darasa letu la ubatizo. Alisimama, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema, "Wapendwa, mwaka huu nani atasema hadithi?" Unajua mwenyewe jinsi ilivyo: sisi hatuna birika la sementi kama makanisa ya mjini. Tunaziba mto kwa vigogo vya migomba, tunangoja maji yapande, na wakati yanapanda mtu mmoja anasimama ukingoni anasema jinsi kanisa letu lilivyoanza. Haijaandikwa popote. Maji yakifika kiunoni kwa aliye mfupi kuliko wote, msemaji anamaliza, wanaingia. Tangu nizaliwe msemaji alikuwa ni wewe.

Shemasi mmoja akasema yeye anakumbuka mwanzo tu. Mwingine akasema anakumbuka mwisho. Pasteri akacheka kwa huzuni. Akasema basi, tutaimba tu mpaka maji yajae, nyimbo hazijakosekana. Halafu akasema neno ambalo lilinichoma: "Lakini tujue, tukiiacha mwaka mmoja, tumeiacha."

Mi nilikuwa nyuma karibu na dirisha, naangalia viatu vyangu. Nilikuwa naijua yote, Tantine. Ulikuwa unanisimulia kila Jumapili tukipanda, na nikikosea ulikuwa unasimama katikati ya njia, mikono kiunoni: "Apana! Rudi nyuma. Umeruka baiskeli." Nilikuwa naijua kama navyojua njia ya choo. Lakini mdomo haukufunguka. Unanijua. Mwalimu akiniita kwenye ubao, jasho linanitoka mpaka chaki inalowa. Ulikuwa umeniahidi kwamba hata siku ya ubatizo wangu utakaa karibu nami, na mi sitasema neno ila "ndiyo, naamini." Nilikuwa nimejipanga kwa neno hilo moja.

Nikarudi nyumbani, nikakaa juu ya ndoo uani, nikamwandikia Pasteri WhatsApp: "Mi naijua." Nikatuma, nikazima simu, nikaificha ndani ya unga. Usicheke. Nilipoiwasha kesho yake alikuwa amejibu: "Mungu asifiwe, Kezia. Utasema wewe." Hakuweka hata alama ya kuuliza.

Jana tulishuka kuomba maji kwa watu wa chini, wale wachoma matofali wanaotumia mto wetu, kama kawaida, na kikapu cha viazi vitamu na kreti ya Fanta. Mzee Siriyaka alitupokea kwenye tanuri lake la matofali. Hajabadilika. Alimwambia Pasteri, "Nyinyi Wabatisti, Mungu wenu anakunywa maji sana! Kwetu Wakatoliki, kule paroisse, padri anachukua kikombe kimoja tu, na mutoto anaokoka vizuri." Pasteri akamwambia, "Mzee, kikombe hakimutoshi mutu mwenye zambi kama zako." Wakacheka wote wawili. Halafu Mzee akauliza nani atasema badala yako, wakanionyesha mi. Akaniangalia toka chini mpaka juu. "Huyu? Huyu anasema?" Nikamkabidhi kikapu cha viazi.

Leo asubuhi waliziba mto. Watu walijaa pande zote mbili, watu wa chini nao wakakaa kwenye majani na majembe yao, wakingoja kama kila mwaka kung'oa kigogo cha kwanza na kurudishiwa maji yao. Pasteri akaniita. Nikasimama nimevaa shuka nyeupe, maji yakiwa bado ya vifundo vya miguu tu. Nikafungua mdomo. Unajua nini kilitoka? "Mesdames et messieurs, dans cet exposé..."

Kwa kweli. Kifaransa cha kutoa mada, kama niko shuleni.

Mzee Siriyaka akapiga kelele, "We mutoto, utatupa pointi ngapi?" Watu wote wakacheka, mpaka kwaya. Nilitaka mto unichukue. Lakini Mama Zawadi, alipokuwa anacheka, alitoa ile sauti ya kuku uliyokuwa unamtania nayo sokoni, na mi nikacheka pia. Nikishacheka nikaona bado nimesimama, na maji yanapanda, hayaningojei. Nikaanza upya kwa Kirundi, na pale palipo na Wakongomani wengi nikageuza Kiswahili, kama ulivyokuwa unafanya.

Unayajua yote haya, lakini nataka uone kama nimeyashika.

Nilisema baba yako alirudi toka kazi ng'ambo ya ziwa na imani mpya na baiskeli isiyo na breki. Majirani walikuja kwanza kuona baiskeli. Aliwaambia wakae chini, wakakaa uani kwake, na hilo ndilo lilikuwa kanisa: uani, kuku, na baiskeli imeegemezwa ukutani. Wengine waliwasema vibaya: "Dini gani inanyima watoto maji, inawaosha wazee?" Nilisema ubatizo wa kwanza ulifanyika kiangazi, kwa sababu watu wale walikuwa na haraka ya wokovu na hawakufikiria mvua. Mto ulikuwa unafika kwenye vifundo vya miguu. Ndipo wakakata migomba, wakauziba. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba maji yana watu huko chini. Babu, huyo mwenye baiskeli, alikuwa amemshika mama wa kwanza mabegani, anataka kumzamisha, mara wachoma matofali wakatokea na majembe, udongo wao umekaukia mikononi. "Mumeiba muto!" Babu akiwa majini akasema, "Apana, tumeuazima."

Walibishana. Mwisho yule mkubwa wao, baba yake Mzee Siriyaka, akasema, "Malizeni mbio, halafu tutafungua wenyewe." Wakamaliza. Wakafungua wenyewe, vigogo vyote mara moja. Na maji yakaondoka na nguo zote za waliobatizwa, maana walikuwa wameziweka kwenye mchanga upande wa chini. Watu walirudi nyumbani wamevaa mashuka yaliyolowa, wanaimba kwa aibu. Jumapili iliyofuata wachoma matofali walipanda mpaka uani kwa Babu wamebeba nguo zile, zimefuliwa, zimekunjwa. Suruali moja tu haijapatikana mpaka leo. Hapo nikanyamaza kidogo, kama ulivyokuwa unanyamaza, nao wakacheka palepale wanapocheka kila mwaka. Sijawahi kuchekesha watu wengi hivyo kwa makusudi.

Nilisema tangu siku ile tunaomba maji kabla ya kuziba. Nilisema matofali ya kanisa ni ya kwao. Nilisema vita vilipokuja watu wetu wakakimbia, wengine Uvira, wengine Kigoma, na kanisa likabaki bila mtu. Waliporudi walikuta kuta tupu, paa halipo, wakakaa chini wakalia. Ndipo watu wa chini wakawaita kwenye mashimo yao ya udongo, wakachimba, wakatoa mabati yetu moja moja. Walikuwa wameyazika wenyewe ili yasiibiwe. Mabati yale ndiyo yako juu yetu leo, na mvua ikinyesha bado yanatoa michirizi myekundu ukutani.

Hapo ndipo hadithi yako ilikuwa inaishia. Mabati, michirizi, "na Bwana asifiwe," halafu watu wanaingia.

Nikasema na Bwana asifiwe. Nikaangalia mto. Maji yalikuwa magotini tu.

Sijui ni vigogo vilikuwa vidogo, au ni mi nilisema mbio kwa woga. Wenzangu wanatetemeka, shemasi mmoja anakanyaga udongo kwenye pengo. Pasteri akaniinamia akasema polepole, "Endelea." Niendelee na nini? Yalikuwa yamekwisha. Nilitafuta kichwani kila ulichowahi kunisimulia njiani, hakuna kilichobaki. Kuna kitu kimoja tu ambacho hukuwahi kunisimulia, kwa sababu ulikuwa ndani yake.

Basi nikakusema wewe.

Nilisema baada ya mabati kurudi, binti wa yule mwenye baiskeli alitoka mjini kila Jumapili ananuka ndagala, na watoto wa kilimani walikuwa wanajua amefika kabla hawajamwona. Nilisema siku ya ubatizo wake alicheka ndani ya maji, Pasteri wa zamani akataka kumrudisha chini, yeye akakataa: "Mungu ameniona mara moja, inatosha." Nilisema alichukua hadithi toka kwa baba yake, mzee akiwa kitandani mgonjwa, na alikuwa anaitembeza juu na chini ya kilima hiki ili isikauke. Nilisema mwaka jana alikuwa mgonjwa, walimleta juu ya pikipiki wakimshikilia, wakamwekea kiti hapa ukingoni. Sauti ilikuwa ndogo. Hakuna aliyemwomba aongeze. Watu walisogea tu, wakasogea, mpaka wengine wakasimama majini kabla ya wakati ili wamsikie. Nilisema alinilea mi ambaye hakunizaa. Nilisema alikufa wakati wa mvua, na... hapo sauti iliniacha. Nikangoja. Walingoja na mi. Ikarudi.

Sikuwa naangalia tena maji. Mzee Siriyaka ndiye aliyeona. Yeye ambaye kila mwaka anapiga kelele kwamba udongo wake unakauka, alisimama, kofia mkononi, akasema, "Maji yamefika, mutoto. Lakini maliza kwanza."

Nikamaliza. Nilisema jina lako lote, la nyumbani na la ubatizo, na Bwana asifiwe. Wakaitika kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia pale. Halafu nikaingia majini na wenzangu, na Pasteri aliponiuliza kama naamini, nikasema ndiyo. Baada ya maneno yote yale, neno hilo lilikuwa jepesi sana.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimekukasirikia. Nilisema moyoni, ameniacha na kazi yake na hakuniuliza. Leo pale ukingoni niliona kwamba zile Jumapili zote za kurudishwa nyuma njiani zilikuwa ndizo kuniuliza, na mi nilikuwa nimeshajibu zamani. Hasira imekwisha. Kukukosa hakujaisha, na sijui kama kunaisha.

Tonton amegonga mlango. Amesema chakula kiko tayari. Nasikia harufu, amekiunguza kidogo. Naenda kula naye.

Kwaheri, Tantine wangu. Pumzika huko uliko, usihangaike na sisi. Mwaka ujao nitasimama tena, na sitaanza kwa Kifaransa. Wale mabinti wawili wa shemasi wanaonifuata darasani nimewaambia Jumapili wanipitie, tutapanda pamoja, nianze kuwapa hadithi. Na nakuahidi hili: sehemu yako sitaikata. Hata kama mvua itakuwa kubwa na mto ujae haraka, hata kama wote watakuwa wanatetemeka ukingoni, watangoja mpaka nifike kwako.

Mtoto wako,
Kezia