Tiketi Niliyoifunga kwa Salamu

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo,
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unainuka kwa awamu tatu kama mzee? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri, na wanao wanagombania kile kiti cha dirishani kama kawaida.

Kazi yangu unaijua: kuwatembelea wenye biashara na kusikiliza kinachowasumbua kabla hawajahama mji. Siku hizi kila tatizo tunaliingiza kwenye kompyuta kama tiketi, nayo hukaa pale mpaka mtu aifunge. Mkuu wetu anataka kila Ijumaa zote ziwe zimefungwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye karakana ya ushonaji anakofanya kazi shemeji, mkeo. Mwenye karakana alinionyesha mashine zinavyozimika umeme ukishuka. Nikafungua tiketi, nikaipeleka kwa watu wa umeme. Ijumaa ikafika, kimya. Nikampigia yule mzee mwenye karakana: "Mnaendeleaje?" Akajibu, "Salama tu, tunamshukuru Mungu." Nikakata simu, nikaandika limetatuliwa, nikafunga.

Kaka, ile ilikuwa salamu! Mzee wa watu ana adabu zake, alikuwa hajafika hata kwenye habari yenyewe. Mimi na haraka zangu sikumngoja. Watu wa umeme walipoona tiketi imefungwa, wakaenda kwingine.

Jana nikapita pale. Mashine sita zimefungwa kamba mlangoni, zinasubiri lori. Anahama, na washonaji wote wanabaki bila kazi. Nimeifungua tena tiketi, nimemwambia mkuu kosa ni langu, na fundi wa umeme ameahidi tutakwenda naye kesho asubuhi. Mzee amekubali kungoja hadi kesho tu. Likija lori kabla ya fundi, basi. Naogopa, Kaka.

Shemeji hajanilaumu. Ananipakulia chakula, ananiuliza habari za kazi, namjibu nzuri. Kumtazama usoni siwezi.

Nisalimie yule jirani yako fundi saa. Mama anakuombea kila siku, na Mungu akupe afya mpaka tuonane.

Ukipiga simu nyumbani, shemeji atakwambia hatujambo. Nakuomba, usikate.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Kitindamimba