Kushoto Chini, Kulia Juu

Tarehe 4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu ina malengelenge na pua imechunwa na jua. Goti lako linaendeleaje? Usinijibu "afadhali" tu, sema kweli.

Sasa kaa chini kwanza. Umekaa? Nimepita! Tulianza mchujo tukiwa wanawake mia moja na arobaini, siku nne, mashimo kumi na nane kila siku, na waliotakiwa ni ishirini tu. Mimi nimekuwa wa kumi na moja. Kuanzia mwezi ujao mwanao ni mcheza gofu wa kulipwa. Nilipoliona jina langu ubaoni nilimkumbuka Baba, Mungu amrehemu, alivyokuwa akizima mashine yake ya kukata nyasi za klabu ili nipige mipira yangu miwili nyuma ya banda la vifaa, halafu anaiwasha tena kana kwamba hakuona kitu.

Nimepanga chumba na mwenzangu wa mashindano, mrefu kama mlingoti, anakoroma kama trekta. Zulia letu lina hatua saba, ndicho kiwanja changu cha jioni. Nalaza bilauri kando ya kitanda, naugonga mpira taratibu mpaka uingie.

Simu nitapiga, na barua nitaandika vilevile, maana najua utasema simu ikikatwa maneno yanakwenda na upepo.

Mwanao,
Kijiti

Tarehe 19 Machi

Mwanangu Kijiti,

Marahaba, tena marahaba mara mia. Goti linauma nikipanda ngazi, haliumi nikishuka. Huo ndio ukweli wote, nawe upake mafuta hiyo pua.

Barua yako niliisoma huku nashona. Nilipofika mwisho nikagundua suruali ya mteja nimeiunganisha miguu yote miwili. Nusura aondoke na sketi.

Halafu Karani wa klabu akaja kuchukua shati lake. Akaniambia, "Mama, mwanao siku ya mwisho amepiga sitini na tisa! Aliyeshika mkia amepiga themanini na nne." Moyo ukanidunda. Nikamwambia, "Usijali, Karani, bado mdogo, atafika tu themanini." Jamani, yule mtu alicheka mpaka akakalia kitambaa cha watu. Kumbe anayepiga mara chache ndiye bora! Mbona hamkuniambia miaka yote hii? Kila baba yako aliporudi akisema, "Leo mtoto amepunguza," mimi nilikuwa naingia jikoni kukusikitikia.

Unajua kile kiwanja sikukipenda. Kilinichukulia mume kutwa nzima, kikaja kukuchukua na wewe. Lakini nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mpaka nimewaambia watu ambao hawakuniuliza.

Mama yako

Tarehe 30 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na wateja wanakuja. Mimi sijambo.

Nimecheza mashindano matatu. Mawili nilitolewa baada ya siku ya pili, la tatu nikafika mwisho, katikati ya msafara. Kupiga mbali napiga vizuri, wenzangu wanasimama kutazama. Kuna kitu kidogo tu. Nikishakaribia shimo, pale pa kuugonga mpira taratibu, mkono wa kulia unaruka, kama mtu aliyeguswa na umeme. Hauumi. Unaruka tu. Naamini utatulia.

Usiwe na wasiwasi, tunaendelea.

Mwanao,
Kijiti

Tarehe 12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, wateja wapo, na wengine afadhali wasingekuja.

Huo mkono uutie kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Na ulale. Kama mwenzako anakoroma, mgeuze kwa ubavu, ndivyo nilivyomfanya baba yako kwa miaka yote. Niandikie umeamkaje.

Mama yako

Tarehe 20 Agosti

Mwanangu Kijiti,

Hujambo huko? Hapa sisi salama. Hii ni barua ya pili bila jibu. Kwenye simu unasema "njema, tunaendelea", halafu unasema kuna mtu anakuita. Huyo mtu anakuita kila mara ninapokuuliza habari ya mkono. Mwambie nami nakuita.

Mama yako

Tarehe 7 Oktoba

Mwanangu,

Naanza kwa salamu kwa sababu salamu ni zako hata ukinyamaza.

Nilimwomba Karani akutafute kwenye orodha za mashindano katika simu yake. Alitafuta muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akatafuta tena. Jina lako halipo tangu Julai. Akanisaidia kuokota vifungo vilivyonimwagika.

Sikuandikii kukukaripia. Kimya kingi kina mshindo, na mimi nausikia hata cherehani ikiwa inakwenda. Uko wapi? Unakula?

Mama yako

Tarehe 25 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nakula. Ni mzima. Nisamehe.

Ilikuwa siku ya pili ya mashindano ya Julai, shimo la kumi na sita. Mpira ulikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka shimoni. Hata wewe ungeufukuzia ndani kwa ufagio. Mkono ukaruka, mpira ukapita. Nikarudi upande wa pili, ukaruka tena. Nilipiga mara tano, Mama. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Watu wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Niliyekuwa nacheza naye akaniokotea mpira, akaufuta kwa sketi yake, akasema, "Pole, dada." Nikamaliza mashimo mawili yaliyobaki, nikasaini karatasi yangu, nikafunga virago.

Sasa nafundisha wanaoanza, kwenye kiwanja cha mazoezi kando ya barabara kuu. Wanafunzi wangu ni wastaafu: daktari wa meno, dereva wa treni, na bibi mmoja anayeutukana mpira kabla ya kuupiga. Nawafundisha kupiga mbali tu. Wakiniomba niwaonyeshe namna ya kuugonga hadi shimoni, nasema tutafanya wiki ijayo. Ni mwezi wa tatu huu nawaambia wiki ijayo.

Niliona aibu. Baba alizikata nyasi zile miaka ishirini na miwili ili mimi nisimame juu yake. Ningekuandikia nini?

Mwanao

Tarehe 9 Novemba

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Nimekusamehe kabla sijafungua bahasha. Mimi mzima.

Kwanza, nyasi baba yako alizikata kwa sababu ilikuwa kazi yake na aliipenda. Angezikata hivyohivyo hata kama ungekuwa muuza vitunguu. Usimbebeshe marehemu mzigo ambao hakuuacha.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Alipofariki ulikuwa umerudi shule ya bweni. Mikono yangu iligoma. Nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza, na kila nikiishika sindano vidole vinatetemeka kama jani. Nilimwita yule binti nikamwambia, "Mwanangu, siwezi." Alilia, akalipeleka kwa fundi mwingine. Miezi minane nilishona foronya na mapazia tu, mshono ulionyooka ambao hakuna anayeukagua. Siku moja nikajikuta nimemaliza kola ya shati. Hata sijui mkono ulirudi lini. Sisemi wako utarudi. Nasema hukuwa wa kwanza katika nyumba hii, na hukupaswa kukaa nalo peke yako. Nami sikupaswa. Ningekuambia mapema, labda nawe ungeniambia mapema.

La pili, usinicheke. Nimekwenda kiwanjani. Nilitaka kukiona hicho kinachomliza mtoto wangu. Mzee wa nyasi, yule aliyechukua nafasi ya baba yako, akaniazima fimbo mbili. Shimo la kwanza nimelimaliza kwa mara kumi na tisa! Karani akaniambia, "Mama, siku hizi unajua kwamba hiyo si sifa." Lakini mpira ulipotumbukia, kile kisauti chake, ko! Mwanangu, mbona hukuwahi kunieleza habari ya kile kisauti?

Nimerudi tena mara tatu.

Mama yako

Tarehe 22 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo, mchezaji! Barua yako niliisomea kwenye basi. Nimecheka mpaka jirani yangu akahama kiti. Halafu nikalia kwa ajili ya lile gauni, na yule wa pili naye akahama.

Kumi na tisa si mbaya kwa kuanzia. Sikiliza: usimame miguu ikiwa imetanuka kama mabega, utazame mpira, usiufuate kwa kichwa ukishaupiga. Na fimbo ya kugongea uishike mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Niandikie unavyoishika, nitajua unakosea wapi.

Mwanao,
Kijiti

Tarehe 3 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mzima, ila mabega yanauma kama nimelima.

Miguu nimetanua, kichwa nimetuliza. Ila mikono hapana. Mzee wa nyasi naye ananigombeza kwamba nimeigeuza, kushoto chini, kulia juu. Nimemwambia aniache. Miaka thelathini na tano kwenye cherehani mkono wangu wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Wa kulia kazi yake kuzungusha gurudumu tu. Nikiuweka wa kulia chini unataka kuwahi, unausukuma mpira kabla sijakata shauri. Kushoto kukiwa chini, mpira unakwenda nilikoutuma. Jana shimo la tatu nimepiga mara tisa.

Usinirekebishe. Mzee haumbuliwi.

Mama yako

Tarehe 18 Desemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mabega yamepoa. Sikurekebishi. Soma uone.

"Wa kulia unataka kuwahi." Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki nzima. Wapo wachezaji wakubwa wanaoshika fimbo kama wewe, na makocha wawili walishanishauri. Nilikataa kwa kiburi. Niliona ni kama kujivika kibao kifuani kwamba mimi ni mgonjwa. Lakini wewe huumwi. Wewe unashona tu.

Jana mvua ilinyesha na wanafunzi hawakuja. Nikatoka na fimbo na ndoo ya mipira, nikaigeuza mikono. Ilikuwa kama kuandika kwa mguu. Mpira wa kwanza ulikwenda kombo, mbali na shimo. Lakini Mama, mkono haukuruka. Nikapiga wa pili. Nikapiga mpaka ndoo ikaisha, nikaijaza, nikaanza upya. Uliruka mara moja tu, na hapo nilikuwa nimemwona yule bibi mtukanaji amesimama nyuma yangu na mwavuli. Akasema, "Kumbe unajua! Umetunyima miezi yote hii, wewe mwana wa..." Neno lililofuata siwezi kulituma nyumbani.

Leo nimewafundisha. Wote watatu. Dereva wa treni ameingiza nne mfululizo, akapiga honi kwa mdomo.

Mchujo ni Machi. Nimejiandikisha. Sina uhakika wa chochote, ila safari hii nakwambia kabla.

Mwanao,
Kijiti

Tarehe 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, naandika nikiwa nimekaa juu ya begi langu la fimbo kwa sababu viti vimejaa.

Nikwambie yote, mabaya na mazuri. Siku ya tatu mkono uliruka mara mbili, na nikajificha chooni dakika tano. Nikatoka. Leo shimo la mwisho nilihitaji kumaliza kwa mapigo mawili, mpira ukiwa ukingoni mwa nyasi fupi zinazozunguka shimo. La kwanza likaishia hatua mbili kabla ya shimo. Niliposimama kupiga la pili nilisikia moyo mpaka kwenye meno. Nikaigeuza mikono mbele ya watu wote. Nikangoja mpaka nikakata shauri mimi mwenyewe. Mpira ukaenda polepole, ukazunguka ukingo kama mgeni anayetafuta mlango, ukaingia.

Nimekuwa wa ishirini kati ya ishirini. Wa mkia, Mama, lakini ndani.

Mashindano yanaanza baada ya wiki nne. Mbili na nusu nazileta nyumbani. Nafika Jumapili jioni.

Mwanao,
Kijiti

Jumatatu asubuhi

Kijiti,

Hujambo? Najua umefika, lakini nimezoea kukuandikia.

Umelala mdomo wazi na viatu miguuni. Nimekuvua kimoja, cha pili ukanipiga teke, nikakuachia. Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika kwa sahani. Duka leo nimelifunga, nimebandika karatasi mlangoni kwamba fundi ana shughuli.

Nimetangulia kiwanjani. Napenda kufika umande haujakauka, kabla mtu yeyote hajakanyaga. Ukiamka, njoo. Fimbo ukitaka uziache. Miaka yote ile mlikuwa mkitembea pale wewe na baba yako, nami nilikuwa nimekaa hapa nimenuna na cherehani yangu. Kutembea naye pale sikuwahi.

Nitakwenda polepole ili unifikie.

Mama yako