Tima Ameanguka

Shoga! Tima wa dada Mwanasha ameanguka kifafa!

Alikuwa jikoni anakula muhogo. Macho yakageuka upande mmoja, mkono ukaanza kurukaruka. Mwanasha alidhani ni mchezo. "Tima, wacha!" Mara mtoto chini, povu mdomoni, midomo myeusi.

Jirani akaja mbio na kijiko, ataka kukitia katikati ya meno. Mwanasha alimsukuma! Dada yangu, asiyeinua hata sauti! Akamlaza mtoto ubavu, akawa anarudia tu, "Mama niko hapa, Tima, mama niko hapa."

Walipofika hospitali ya Msambweni, Tima alikuwa ametulia. Daktari akauliza, "Alipozaliwa alilia?"

Alipozaliwa! Na ana miaka minne!

Mwanasha akatikisa kichwa. Tima hakulia, shoga. Wakumbuka? Alitoka kimya, wakampulizia hewa mpaka akashtuka. Sisi tukapika pilau, tukasahau.

Daktari akamwambia, "Ubongo ulikosa hewa ukaumia, ukabaki na kovu. Kovu huweza kukaa kimya miaka, kisha likaleta kifafa. Si pepo wa nyuni, si uchawi, wala si kosa lako. Atakunywa dawa kila siku, usikatize."

"Kitarudi?" Mwanasha akauliza.

"Chaweza kurudi."

Sasa wako nyumbani. Tima amelala. Mwanasha amekaa kando yake, kiganja juu ya kifua cha mtoto. Namwambia aje ale japo tonge moja, hataki.

Aniambia, "Nikiuondoa mkono, nitajuaje kikirudi?"

Shoga, nikamletea sahani hapo kando.