Karatasi ya Vipimo vya Sabuni

3 Machi

Baba yako amekutaja! Kwa kinywa chake mwenyewe, baada ya miaka sita, na mimi nimesimama pale pale na sufuria mkononi!

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila baba yako akipanda ngazi moyo unamwenda mbio, na simu yangu bado iko kwa fundi, mwongo yule, kila siku kesho.

Ilikuwa hivi. Alikuwa kibandani anamimina ile dawa yake kali, kostiki, kwenye maji ya kutengenezea sabuni, ndoo ikapata moto kama kawaida. Akaitazama, akasema, "Yule binti alikuwa akiniuliza moto huu unatoka wapi na jiko hakuna." Fundi cherehani, jirani yetu, nilimwambia kabla sufuria sijaitua. Nikamkumbusha pia kwamba mwanangu anafundisha kemia chuoni, maana huwa anasahau makusudi.

Najua ulimkosoa vipimo vyake mbele ya wateja, naye akakwambia usikanyage tena hapa. Maji hufuata mkondo. Kiburi chako hukukiokota njiani. Sasa nimwambie akuandikie?

Mama wa Profesa

11 Machi

Shikamoo mama. Kifua kimepona, na mimi si profesa, acha kuwadanganya majirani.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Lakini usimwambie kitu. Sikia ninavyowafundisha wanafunzi. Ukifungua boksi la sabuni, harufu inasambaa nyumba nzima bila kusukumwa, wala hairudi boksini. Kutawanyika huko tunakuita entropia. Ndoo ya baba nayo inatoa joto yenyewe. Tunapima yote mawili, joto na kutawanyika, tunapata kitu kinaitwa nishati huru. Ikiwa inashuka, jambo litajiendea. Ikiwa inapanda, lazima usukume, na ukichoka kusukuma, halisogei tena.

Sitaki baba anirudie kwa kusukumwa, mama. Kama ni la kujiendea, litajiendea.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu, salamu nyingi. Mimi mzima, na nimeshakuwa mwalimu! Fundi cherehani nimemfundisha entropia kwa chupa yake ya manukato. Nimeimaliza nusu, kaninunia.

Jumapili baba yako alivaa lile shati lake la mikono mirefu, akakaa mlangoni. Akaniuliza, "Mabasi ya kwenda kule yanaondoka saa ngapi?" Ulimi ulinifika menoni! Nikakumbuka somo lako, nikamjibu sijui. Sijui, mimi, niliyekupeleka kituoni kwa mkono wangu! Alikaa kidogo, akaingia ndani akavua shati.

Sikumsukuma hata kidogo. Ungeniona ungenisifu.

Mama yako mwenye subira

19 Aprili

Shikamoo mama. Barua yako ilikaa ofisini nilipokuwa nasimamia mitihani nje ya mji. Nimeifungua leo.

Mama, nilikufundisha nusu. Nishati huru inakwambia jambo linaelekea wapi. Haikwambii lini. Chukua karatasi: kuungua kwenye hewa ni jambo lake la kujiendea, nishati huru yake inashuka. Lakini itakaa kabatini miaka hamsini mpaka mtu awashe kiberiti. Hili nalisema darasani kila mwaka. Wewe sikukwambia, kwa sababu nilitaka aanze yeye.

Mwambie basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie nitakuwa kituoni. Washa kiberiti, mama, leo hii.

Mwanao

24 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika jana mchana. Baba yako alituacha juzi, kwenye ngazi ya kibanda, ndoo bado ina moto. Nimeazima simu ya fundi cherehani, kidole kikakataa kubonyeza. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi.

Nilikwenda kibandani kutafuta kitambulisho chake. Nyuma ya mlango nimekuta karatasi imepigiliwa misumari, imelowa mafuta, mwandiko wako. Vile vipimo ulivyomwandikia siku ile. Kumbe muda wote alikuwa anapimia hivyo. Na mimi nilivyokuwa najisifu kwa wateja kwamba sabuni imeacha kuwasha ngozi kwa sababu naikoroga mimi!

Usijilaumu peke yako. Aliyeulizwa saa ya basi ni mimi. Nilijua, nikasema sijui.

Shati lile nimelipiga pasi, ndilo atakalovaa. Karatasi sijaibandua, uje uibandue wewe. Ndugu zake wote wanakuja, wateja wanakuja, hata yule mwongo wa simu kaapa atakuja. Nimewaambia nawe unakuja. Tunamzika Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mama yako