Orodha Uliyokataa Kuisoma

Papa Sylvestre,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni kwa sababu tangu juzi sina meza nyingine. Ile ya redio, iliyokuwa yako kisha ikawa yangu, ina mtu wa tatu sasa. Nitakupa habari kwa mpangilio ulionifundisha: nini, wapi, nani, na mwisho kabisa kwa nini, kama nafasi imebaki.

Nchi haina tena jina uliloliacha. Askari wa zamani walikimbia siku mbili kabla wapya hawajaingia, wakavua magwanda njiani na kubisha kwenye milango ya watu kuomba mashati. Wapya waliingia kwa miguu, mstari mrefu, buti za mpira, kimya. Hapa Lubumbashi watu walijipanga kandokando ya barabara na kupiga vigelegele. Niliandika kwamba walipiga vigelegele, na ilikuwa kweli. Treni ya Kasai haitembei. Mama Régine, mke wangu, ni mzima.

Juzi niliwekewa mezani orodha ya pili. Lakini lazima kwanza niiandike ile ya kwanza, kwa mkono wangu, kwa sababu sijawahi kuiandika popote.

Ulikuwa na desturi moja ambayo wakubwa wa redio waliicheka. Mtu akileta tangazo, la kilio au la mbuzi aliyepotea, hukulisoma hewani mpaka asimame mbele yako, umsomee maneno yake kwa sauti, naye aseme "njo vile", ndiyo hivyo, na kutia sahihi. Ilitokana na kosa lako mwenyewe. Ukiwa mgeni kazini ulisoma karatasi iliyoachwa na mpita njia: Ferdinand wa Likasi amefariki, kilio kiko Katuba kwa dada yake. Watu wakakusanyika, wakalia, wakapika. Siku ya pili Ferdinand akashuka kwenye lori, mzima, akauliza nani amekufa. Alikuja redioni na sahani ya bukari, ugali wa kilio chake mwenyewe, mkononi. "Munizike tu sasa," alikuambia, "bantu bamekwisha kula."

Tangu siku hiyo ulitaka mwenye maneno aje ayasikie. Kama ni uongo, ulisema, macho yatamshinda.

Kisha ukaja mwaka ule walipoanza kuwaita watu wa mkoa wa Kasai wageni, hata wale waliozaliwa hapa hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, kama wewe. Monsieur Gaspard, katibu wa kamati ya chama mjini, alituma karatasi kwa mkono wa dereva wake. Ilikuwa na majina ya wafanyakazi, mtaa kwa mtaa, waliotakiwa kuacha kazi na nyumba zao ndani ya siku mbili. Jina lako lilikuwa la kumi na moja. Uliisoma umesimama, ukaikunja, ukamrudishia dereva. "Ambia patron yako akuye, nimusomee mu macho."

Gaspard hakuja. Alipiga simu, na aliyeitwa kwenye simu hiyo hukuwa wewe, nilikuwa mimi.

Nilisoma. Ilichukua dakika nne na nusu. Kabla ya jina la kumi na moja nilivuta pumzi, fundi wa mitambo akaniangalia kupitia kioo, nikaendelea. Baadaye nilijiambia kwamba wangemleta mwingine asome, na kwamba nilikuwa na watoto. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba Gaspard aliniambia meza yako itakuwa wazi.

Kesho yake ulikuja kuchukua koti lako. Nilidhani utanipiga. "Jina yangu umeitamka muzuri, mudogo," ulisema, ukatoka. Mpaka leo sijui kama lilikuwa tusi. Nadhani ulikuwa unakagua kazi, kama kila siku.

Mlikaa stesheni ya reli wiki tano chini ya maturubai. Nilipita pale mara mbili kwa kazi. Mara ya kwanza nilikuona umekalia sanduku, unawasomea watu gazeti la zamani. Sikusimama. Mara ya pili mlikuwa mmekwisha ondoka. Habari ya kifo chako niliipata kwa kondakta wa treni: homa, kabla treni haijafika Kamina, na kaburi lililochimbwa kando ya reli, treni ikisubiri na kupiga honi. Nilimuuliza mahali kamili. Alisema miti yote kule inafanana.

Mambo yangu yalinyooka. Baada ya meza nilipewa nyumba ya matofali mtaa wa Bel-Air, yenye maji ndani. Tulipoingia tulikuta uani ndoo ya mihogo iliyolowekwa, imeoza. Wenyewe waliondoka kabla haijalainika. Mama Régine aliimwaga akaosha ndoo. Tunaitumia mpaka leo.

Sasa juzi. Saa tatu asubuhi askari mmoja aliniletea majina kumi na saba ya watu wa utawala wa zamani, wanaotakiwa kufika kambini kabla ya jua kuzama. Yasomwe baada ya habari za saa saba. Wanne walioitwa namna hiyo wiki iliyopita walikwenda kwa miguu yao, hawajarudi. Na siku moja kabla, afisa wao alikuwa ameniambia kwamba wanatafuta mtu mzoefu wa kuongoza redio nzima, na kwamba kwanza wanataka kuona. Hakusema kuona nini.

Jina la kwanza lilikuwa la Gaspard.

Nitakuambia nilichohisi, kwa kuwa huwezi kuniangalia. Nilifurahi. Nilifikiri: hili nitalitamka vizuri.

Furaha hiyo ndiyo iliyonitisha, nikashika desturi yako. Nilimwambia askari, mwenye karatasi aje nimsomee. Nilikuwa na hakika hatakuja. Miaka yote tuliamini hivyo, kwamba wenye karatasi za namna hii hawaji.

Alikuja, baada ya nusu saa tu. Kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mwembamba, anasema Kiswahili cha mashariki. Aliniita mzee, akaomba radhi kwa kunichelewesha. Nilimsomea yote kumi na saba nikimtazama machoni. Alisikiliza kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kwenye la tisa alinikatisha. "Hapo pamekosewa mtaa, mzee. Kasongo tunayemtaka ni wa Katuba, si wa mtaa wa Kenya. Tusimsumbue asiye na kosa." Mwisho alisema "ndiyo hivyo", akaomba kalamu yangu, akatia sahihi, akanirudishia kalamu.

Desturi yako ilikuwa dawa ya waongo, Papa. Huyu hakuwa mwongo. Aliamini kila jina. Nilibaki na karatasi iliyokamilika kwa utaratibu wako wote, na hapakuwa na kitu tena kati yangu na kipaza sauti.

Saa nne na robo nilimwambia fundi wa mitambo nakwenda kunywa chai. Nilichukua baiskeli.

Sikuanza kwa Gaspard, sitakudanganya. Nilianza mtaa wa Kenya, kwa mwalimu ambaye kosa lake lilikuwa kuongoza kwaya kwenye sherehe za chama. Aliingia ndani papo hapo kutafuta viatu. Nyumba ya pili ilikuwa tupu. Ya tatu, mwanamke alisema mumewe amelala. Nilimwambia amwamshe, akanifungia mlango. Sijui kama alimwamsha. Ilikuwa saa tano na nusu. Mtaa wa Golf, anakokaa Gaspard, ni mbali kwa baiskeli, na kulikuwa na majina mengine ya karibu. Nilikuwa na udhuru mzuri kabisa wa kutokwenda. Nilisimama nao barabarani kwa muda, kisha nikaenda Golf.

Gaspard alinifungulia lango mwenyewe. Walinzi wake walikuwa wamekwisha toroka. Alikuwa bado amevaa pajama, na saa sita imepita.

Nilimwambia jina lake liko wapi na litasomwa saa ngapi. Alicheka.

"Si njo weye ulisoma ile ya kwanza? Na leo unakuya kuniokoa. Unataka nini, villa?"

Nilisema sitaki kitu. Hapo ndipo alipoogopa.

"Muntu asiyetaka kitu njo mubaya," alisema, lakini tayari alikuwa anatafuta funguo za gari. Huku anainua mito ya viti aliniuliza wewe uko wapi siku hizi. Nilimwambia. "Sylvestre alikuwa na sauti," alisema, akaendelea kutafuta.

Sikumsamehe, wala hakuniomba. Ningemwacha, ningekuwa nimesoma tena, safari hii kwa kunyamaza.

Nilirudi redioni saa saba kasoro dakika kumi. Niliweka karatasi mezani nikasema sitaisoma. Nilitarajia makofi. Hakuna aliyenigusa. Askari alimwita Patient, mtangazaji wetu wa mpira, akamwonyesha kiti. Patient aliniangalia. Ana watoto wawili, na nilijua anachojiambia, neno kwa neno. Nilichukua koti langu. Nilikuwa nimefika mlangoni nikamsikia anaanza, na nitakiri jambo: nilijisikia msafi. Nilitembea mpaka kona ya barabara nikiwa hivyo.

Kwenye kona kuna mwanamke anayeuza mikate, ana redio ndogo. Patient alifika kwenye jina la tisa. Alisoma Kasongo wa Kenya.

Sahihisho la yule kijana sikuliandika. Alilisema, nililisikia, nikatingisha kichwa, nikaliacha kichwani. Mimi ambaye nimewafukuza wanafunzi wa kazi kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilikuwa nafikiria jina la Gaspard, na baadaye nilikuwa nafikiria heshima yangu. Nilirudi mbio. Mlango wa studio ulikuwa umefungwa, askari mbele yake. Nilimweleza. Alisema nimekwisha acha kazi.

Kasongo wa Kenya anashona viatu. Alisikia jina lake kwa majirani, akavaa shati safi, akaenda kambini mwenyewe kueleza kwamba siye.

Jana asubuhi mkewe alikuja hapa nyumbani. Alikuwa ameulizia njia nzima mpaka akafika. "Papa, si njo weye unasomaka habari?" alisema. "Ubaambie bamekosea muntu." Anaamini kwamba kosa la redio linarekebishwa na redio, kama zamani. Nilimkaribisha kiti. Sikumwambia bado kosa ni la nani. Tulikwenda naye kambini, tukasimama langoni mpaka alasiri. Yule kijana mwenye sahihi hakuwepo. Tuliambiwa turudi leo. Leo tuliambiwa turudi kesho.

Kwa hiyo ile "kwa nini" ya mwisho, Papa Sylvestre, sina. Nafasi imebaki, ila sina cha kuweka. Uliikataa orodha yako na ikasomwa. Mimi niliikataa yangu na ikasomwa vibaya zaidi. Mwalimu wa kwaya amevuka mpaka, nimesikia. Gaspard pia. Mume wa yule mwanamke aliyenifungia mlango, sijui.

Nyumba hii watatuondoa, ni suala la siku. Mama Régine amekwisha anza kufunga vyombo.

Ahadi yangu ni hii, na ni ndogo. Kesho kabla hatujafika langoni nitamwambia mke wa Kasongo kwamba nilipewa sahihisho na sikuliandika. Ataamua mwenyewe kama bado anataka nisimame karibu naye. Akikubali au akikataa, nitasimama pale kesho, na kesho kutwa, mpaka yule kijana atoke anisikilize.

Msamaha wako sikuombi leo. Kuna mtu mwingine lazima nimwombe kwanza, na labda bado yuko hai.

Pumzika kando ya reli yako, Papa.

Mudogo wako,
Urbain