Madole Kumi na Moja

Jumanne, 6 Septemba 1949

Nimeondoka nyumbani alfajiri kwa baiskeli, peke yangu. Waraka umo ndani ya bati la biskuti, nalo bati limefungwa kwenye karia kwa kipande cha tyubu. Tunamwomba Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa serikali huko Nachingwea, kwa heshima na unyenyekevu, matrekta ya mradi wa mashamba ya karanga yasipite juu ya kisima chetu. Chini yake zipo alama za madole gumba kumi na moja ya wanaume wa kitongoji. Matrekta yanaanza Jumatatu. Waraka usipopokelewa Jumamosi kabla ya saa sita mchana, hakuna tena.

Mke wangu Mwanamvua alitaka nipitie kwanza Chunyu kwa mjomba wake, Mzee Kaimu, kwa kuwa ardhi ni ya ukoo wa mama yao. Nilimjibu kwamba serikali haina fomu ya wajomba. Akasema, "Haya, nenda na fomu yako." Nitapitia, kwa adabu tu.

Jumatano, 7 Septemba

Mchanga. Nimeisukuma baiskeli kuliko nilivyoipanda. Pancha mbili za miiba. Gundi imebaki kidogo.

Jana nililala porini, shuka nikiwa nimeifunga baina ya usukani na mti. Ugali wa muhogo bila kitoweo. Asubuhi nilikuta nyayo za simba pembeni ya majivu. Nilizipima kwa kalamu — kalamu haikutosha. Sikusikia chochote. Hilo ndilo linalonisumbua.

Alhamisi, 8 Septemba — Chunyu

Mzee Kaimu alinitazama nikishuka.

"Mkwe wangu, umekuja na kengele badala ya mke?"

Nilimsomea waraka wote kwa sauti. Alisikiliza hadi mwisho, akasifu. Kisha akauliza majina ya wenye madole. Nikayataja.

"Hao wote ni wakwe, kama wewe. Mmekuja kuoa. Mwanamvua akikufukuza kesho, utapanda baiskeli yako uende kwenu. Na kisima utakipakia kwenye karia?"

Nilimweleza kwamba serikali humtambua mkuu wa kaya. Akacheka, akamwita mkewe aje asikie mkuu wa kaya anavyoongea.

Halafu akasema bila kucheka: nichane karatasi ile, niandike nyingine kwa majina ya wanawake wa ukoo, naye atatia dole lake papo hapo. Karatasi safi ninazo mbili. Wino ninao. Ingekuwa kazi ya saa moja.

Nilisema waraka uliokamilika hauchanwi. Niliomba atie dole pembezoni. Akasema yeye si wa pembezoni. Nimeondoka bila kula.

Ijumaa, 9 Septemba

Mnyororo umekatika mara mbili. Nimepiga kambi kando ya barabara iliyokwanguliwa na mashine. Miti imelala, mizizi juu. Nimeusoma tena waraka. Sikuona neno la kubadili.

Jumamosi, 10 Septemba — Nachingwea, saa nne na nusu

Karani, Bwana Filbert, ameusoma mara mbili.

"Bwana Saburi, Kiswahili hiki ni cha kutundikwa ukutani. Nani mwenye ardhi?"

Nikasema ni ukoo wa mke wangu.

"Na mkubwa wa ukoo?"

Nikamtaja Mzee Kaimu wa Chunyu.

"Dole lake liko wapi? Huku tumeshachoka na karatasi za wakwe. Bwana Shauri huzirudisha zote. Lete dole la mjomba, nampelekea sasa hivi."

Nilimwambia Chunyu ni mbali. Akanionea huruma kwa dhati. Hilo lilikuwa baya zaidi. Akasogeza mafaili, akasema anakwenda kunywa chai, atarudi saa tano. Kidau cha wino wa madole amekiacha mezani, wazi.

Humu ndani niko peke yangu. Mimi nilitia sahihi kwa kalamu. Dole langu halimo katika waraka.

Nimeandika chini kabisa, kwa hati nzuri: Kaimu, mjomba wa ukoo, Chunyu. Nimeacha nafasi ya dole. Mkono wa kulia unaandika haya. Dole la kushoto limeshalowa wino, nami nasikia viatu barazani