Ndege Mbili Juu ya Bwawa la Mchanga

Jumanne, 2 Septemba

Bwawani tena. Mgongo umekufa. Mwethya wa leo, kazi yetu ya pamoja, tulijaa, akina mama peke yetu, mstari kutoka rundo la mawe hadi kwa ukuta tunaojenga kukinga mto, karai inapita mkono kwa mkono. Mama Kyalo kushoto kwangu kama kawaida. Ndege kubwa ikapita, nikainua karai juu kuisalimia. Wakacheka. Wananiita Mama Ndege. Waniite. Nani mwingine hapa amezaa mtu wa kuambia ndege pita hapa, wewe ngoja pale? Mwende wangu anakaa Nairobi mbele ya rada, na rubani mzima mwenye ndevu anamtii. Mimi niliachia darasa la saba. Kila wiki ananiambia zamu zake, ndiyo maana najua ndege zipi ni zake.

Mama Kyalo akasema za jeshi haziambiwi na mtu. Kijana wake yuko kambi ya ndege za jeshi. Anafunga nati. Nati tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimeona kitu sikukipenda. Ndege ya abiria ilikuwa inashuka kwenda Nairobi. Nikainua karai. Halafu nyingine ndogo, ya kijivu, ikatokea upande wa Tseikuru, mbio. Kutoka chini ungesema zinagongana. Ile kubwa ikalala upande mmoja, ikageuka. Sijawahi kuona ndege ya watu ikigeuka hivyo. Karai ikaniponyoka, jiwe likamwangukia Mama Kyalo mguuni. Hakulia. Alikuwa bado anaangalia juu.

Hii ni zamu ya Mwende. Nimempigia, nimempigia. Hashiki.

Ijumaa, 5 Septemba

Ameshika. Sauti ndogo kama ya mgonjwa. Jeshi wana sehemu yao ya mazoezi huko juu. Wakitaka kutoka nje yake, lazima wapige simu kwanza kwa watu wa rada. Mwende anasema hakuambiwa kitu. Aliona tu ile ndogo kwa rada, akaamuru ile kubwa igeuke haraka. Wote wazima. Jeshi nao wanasema walipiga na wakajibiwa. Sasa amesimamishwa kazi mpaka sauti zote zilizorekodiwa zisikilizwe. Kosa likiwa lake, leseni imeenda.

Ameniomba nisimwambie mtu yeyote. Nikasema sawa.

Lakini kuna kitu. Nilimuuliza kama simu ya jeshi ililia. Hakusema ndiyo, hakusema la. Tangu utotoni akificha jambo hunyamaza hivyo hivyo. Namshuku mtoto wangu mwenyewe. Naandika na naona aibu.

Jumapili, 7 Septemba

Mama Kyalo ameingia kanisani na fimbo. Watu wakamuuliza mguu. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba Mama Kyalo amesema vijana wa Nairobi husinzia kazini. Moyo ukachemka.

Pasta akaita ushuhuda. Kwetu Mungu akikutendea ukanyamaza, umemwibia. Nikasimama niseme nashukuru kwa ajili ya mwanangu, nikae. Sikukaa. Nikasema yote. Jeshi wametoka kwao bila kupiga simu, na Mwende wangu, msichana wa hapa hapa, ameokoa ndege nzima ya watu. Kanisa likapiga makofi mpaka vumbi. Simu za wanakwaya zilikuwa juu, zinarekodi. Mama Kyalo hakupiga makofi.

Niliongea vizuri. Siwezi kukataa.

Jumatano, 10 Septemba

Video imefika kwa wakubwa wake. Wamemuuliza nani alimruhusu kutangaza kosa la jeshi kabla uchunguzi haujaisha. Sasa ana kesi mbili.

"Mwaitu, mama yangu, umenimaliza," akaniambia. Akakata.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Sijakula.

Nani aliituma? Simtafuti mbali. Mama Kyalo. Kijana wake yuko ndani ya kambi ile. Wanataka mtoto wangu abebe mzigo wao.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekataa kupokea karai mkononi mwa Mama Kyalo. Mstari ukakatika. Mwenyekiti akauliza kuna nini. Nikasema, watu wote wakisikia, kuna mtu simu yake inapiga picha nzuri sana kanisani.

Mama Kyalo akatoa simu yake kwenye leso. "Yangu ni ya tochi, Mama Mwende. Hata mbuzi haimpigi picha."

Wakacheka wote. Nilienda mwisho wa mstari, peke yangu na kokoto. Si anaweza kuazima ya mkaza mwana wake? Hiyo ni ya kupangusa kioo, inapiga picha. Nilishaiona.

Jumamosi, 13 Septemba

Kavata amepiga, dada yangu mwenye hoteli Mtito Andei. Furaha tele. Madereva wa malori wanakula huku anawaonyesha video yangu. Anayeitaka anamtumia. Anasema nimefika mpaka Mombasa. Anajitapa kwa wateja kwamba huyo ni mtoto wa dada yake.

Nikamuuliza alipewa na nani.

"Si wewe mwenyewe ulinitumia?"

Kweli. Jumapili ile mwanakwaya mmoja alinitumia, nami nikamtumia Kavata aone dada yake alivyoongea. Nilikuwa nimesahau kabisa. Au sikutaka kukumbuka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo niliifua mwenyewe nikaianika.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemtumia Mwende ujumbe kwamba ni mimi. Akajibu neno moja: najua.

Halafu nikaenda kwa Mama Kyalo na ndengu kwenye kiondo, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu, sembuse ukiwa umekosa. Mguu bado umevimba. Nikamwambia ni dada yangu, na kabla yake ni mimi. Akasema hayo ya kusinzia hakuyasema. Namwamini. Sijui kwa nini nilimwamini yule aliyeninong'oneza haraka hivyo.

Kumbe Kyalo naye anahojiwa. Ndege ile ya kijivu alikuwa ameiandaa yeye asubuhi. Simu yake pia haishikwi.

"Mimi naogopa iwe ni nati," akasema.

Tulikunywa chai. Kabla niondoke akaniuliza kama Mwende anakula.

Ijumaa, 26 Septemba

Mwende amepiga! Sauti zimesikilizwa. Jeshi walipiga simu kweli. Ilishikwa meza ya pili, na habari haikumfikia Mwende. Mwenye meza hiyo ni mwenzake, ana watoto wadogo. Mwende alisikia simu ikilia pale, ndiyo sababu alininyamazia, hakutaka jina la mtu litoke mdomoni mwake. Na mimi nilidhani anaficha lake.

Hakukosa. Nati haikukosa pia. Nimemwambia Mama Kyalo kabla sijamwambia mtu mwingine.

Jumatatu anarudi kazini. Kwa ile video amepewa onyo kali. Nikamuuliza ana zamu gani wiki ijayo.

"Hizo sitakuambia tena, mwaitu."

Alisema kwa upole. Nikasema sawa. Safari hii ni sawa ya kweli.

Jumanne, 30 Septemba

Ukuta umebaki kidogo. Mawingu yanakuja, tumalize kabla mto haujajaa. Nimerudi mahali pangu katikati ya mstari. Mama Kyalo kushoto, bila fimbo.

Ndege kubwa imepita. Akina mama wote wakageuka kuniangalia. Sijui kama ni yake. Sitajua tena ipi ni yake. Nimeisalimia moyoni, iwe ya nani.

Karai ilikuwa kwa Mama Kyalo. Hakunipa. Aliishika na mawe yake yote, akangoja mpaka sauti ikaisha upande wa Nairobi. Ndipo akanipa, nikapitisha.